Shingo ya Farasi wa Theluji

Ahadi yenyewe Tatsuhei aliitoa hospitalini, goti likiwa limefungwa na mguu umelazwa juu ya mito, na mtu aliyelazwa hivyo hana ubavu wa kubishana na mkewe.

"Farasi akikatika shingo," alisema, "naziweka skii chini. Si mwaka huu tu. Basi tena."

"Na zinakwenda wapi?" Hisae aliuliza.

"Kwa Sadamu."

Sadamu alikuwa mpwa wao aliyekaa mjini, dalali wa nyumba, mtu ambaye hajawahi kuteleza hata barazani, lakini alizitamani skii za mjomba wake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kwa ajili ya kupamba sebule. Hisae akamtaka mumewe airudie ahadi mbele ya muuguzi. Akairudia. Muuguzi akasema amesikia, akatoka akicheka.

Huyo Farasi hakuwa mnyama wa kufugwa. Alikuwa theluji. Majira ya baridi yanapokwisha, mlima ulio juu ya kitongoji cha Tochinosawa huvua weupe wake kipande kwa kipande, na kinachobaki ubavuni, upande unaotazama mashamba, huwa na umbo la farasi: kiwiliwili kipana chini, kichwa juu karibu na ukingo, na katikati yao shingo nyembamba iliyolala ndani ya ufa wa mwamba. Siku shingo inapoyeyuka na kichwa kikatengana na mwili, watu hupanda soya. Ukipanda kabla, mbegu inaoza kwenye udongo baridi. Ukichelewa sana, mvua za Juni zinakukuta. Hakuna aliyejua nani aliweka kanuni hiyo, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza.

Hisae aliipenda tarehe ya namna hiyo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ushirika wa wakulima, chumba cha kupima mbegu, akihesabu ngapi zimeota na ngapi zimekufa, na huko alijifunza kwamba watu hubishana sana juu ya wanachohisi na kidogo tu juu ya wanachokiona. Shingo ipo au haipo. Kitongoji kizima ni shahidi.

Chanzo cha ahadi kilikuwa Januari. Tatsuhei alikwenda peke yake nyuma ya kilima, skii moja ikanasa chini ya shina, goti likajipinda, akakaa kwenye theluji mpaka giza linaingia. Vijana wa zimamoto ndio waliomleta, amefungwa kwenye machela kama furushi, midomo imebadilika rangi, na bado akiwaelekeza njia nzuri zaidi ya kuteremkia. Hisae alikuwa amesimama barabarani tangu alasiri. Hakupiga kelele. Alimnywesha chai, akampeleka hospitali, akangoja mpaka mguu ulazwe juu ya mito, ndipo akafungua mazungumzo.

Goti lilipona mapema kuliko daktari alivyotabiri. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba Tatsuhei, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, alikuwa ameahidi kukubali mwisho lakini hakuwa ameahidi kuusaidia uje.

Mwishoni mwa Machi lifti ya kuwapandisha watelezaji kilima cha kitongoji ilisimama, mwendeshaji akafunga kibanda akaenda kuandaa vitalu vyake vya mpunga. Tatsuhei akaanza kupanda kwa miguu. Aprili theluji ya kilimani ikawa laini kama uji. Akainyunyizia mbolea ya salfeti, kama wanavyofanya kwenye mashindano, ikakaza kama sakafu kwa asubuhi nzima. Kwa kuwa mbolea ni ghali, aliinyunyiza pale tu alipokusudia kupinda. Theluji ilikwisha hata hivyo, na majani yalipoota yaliota kijani kibichi cha kutisha katika madoa yaliyokwenda kulia, kushoto, kulia, mpaka chini, hivi kwamba kila mpita njia aliweza kusoma jinsi mzee alivyoteremka.

Baada ya hapo alichukua toroli akawa anazunguka nyuma ya nyumba za watu, akisomba yale malundo ya theluji iliyoporomoka kutoka mapaani. Majirani walidhani ni wema. Mmoja alimpa figili za kusindika, mwingine akampa vichipukizi vya mianzi. Theluji yote hiyo aliitandaza kwenye kivuli nyuma ya hekalu.

"Umefika wapi leo?" Hisae alimwuliza jioni moja.

"Nimeteremka."

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

"Kutoka kwenye kengele ya hekalu mpaka chooni."

"Hongera, mzee wangu. Na huko kileleni upepo ulikuwaje?"

Tatsuhei alijiongezea figili.

Mei ilipoingia, weupe pekee uliosalia machoni ulikuwa Farasi mwenyewe. Tatsuhei akawa anaondoka alfajiri, skii begani na furushi kubwa mgongoni, anarudi mchana na furushi limesinyaa. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye siri. Siku moja Hisae alimwondolea kitu kwenye kola: ganda la mpunga, pumba tupu.

"Huko juu mnakula mpunga usiokobolewa?"

"Upepo huo."

"Upepo wa Mei unabeba mpunga wa Oktoba?"

"Upepo wa mlimani, mama, huwezi kuujua."

Hisae aliliweka ganda lile kwenye kisahani juu ya kabati. Hitimisho hakuwa nalo. Kielelezo alikuwa nacho.

Siku ya pili yake, wakiwa mezani jioni, kipaza sauti cha kitongoji kilikohoa kule juu ya mlingoti wake.

"Wananchi wa Tochinosawa, habari za jioni. Bibi Tsuya, mzee wetu, amethibitisha. Farasi amekatika shingo. Kesho asubuhi tunapanda soya, shamba la Bibi Tsuya kwanza, kama kawaida. Kila mtu na jembe lake. Asanteni."

Tatsuhei alikuwa amenyanyua bakuli la supu. Bakuli likabaki hewani.

"Nani kakatika?"

"Farasi. Masikio umeyaacha kwenye choo cha hekalu?"

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

Tatsuhei alitoka nje na kandambili zisizofanana. Hisae akamfuata. Mlima ulikuwa wazi, hauna hata wingu. Kichwa cheupe kilikuwa juu, mwili mweupe ulikuwa chini, na pale pa shingo palikuwa na rangi ya udongo mkavu.

Tatsuhei aliutazama mlima kama mtu aliyevuta mlango ukajifunga, kisha akakumbuka ufunguo uko ndani. Hisae alidhani ni huzuni. Akampa muda wa kuhuzunika, kiasi cha supu kutopoa.

"Sadamu nitampigia Jumapili," alisema walipokaa tena.

"Usiharakishe, mama Kenji. Mimi naona tungoje. Udongo bado baridi."

Kenji alikuwa mtoto wao, anafanya kazi mbali, na jina hilo lilitumika nyumbani wakati mtu alipotaka kitu.

"Tangu lini wewe na udongo?"

"Nasema tu. Mbegu zitaoza. Mtapata hasara."

"Tangu tuoane hujui hata soya inafukiwa kina gani."

"Kidole."

"Kidole kipi?"

Tatsuhei aliangalia vidole vyake, kimoja baada ya kingine, akauficha mkono chini ya meza.

Lakini neno lile lilimkaa Hisae. Kabla giza halijaingia alitoka na kipimajoto cha udongo, akakichomeka shambani, akangoja. Kilisoma nyuzi tisa. Miaka mingine yote, shingo inapokatika, kilisoma kumi na mbili au zaidi. Alikichomeka mahali pengine, akapata zilezile tisa. Farasi alisema pandeni, udongo ulisema ngojeni, na katika kazi yake ya zamani mashahidi wawili wakipingana hivyo, mmoja alikuwa amechezewa na mtu.

Asubuhi mumewe hakuwepo kitandani. Skii hazikuwepo stoo. Ufagio wa mianzi nao haukuwepo, lakini Hisae hakuutafuta, kwa hiyo hakulijua hilo.

Shambani kwa Bibi Tsuya wanawake walikuwa wamekusanyika na majembe. Bibi mwenyewe, aliyeshapita miaka themanini na mitano, alikaa juu ya kreti lililopinduliwa, bakuli la mbegu mapajani. Yeye ndiye huweka mbegu ya kwanza, kisha wengine wote wanafuata. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima kutoka kileleni mpaka kiunoni.

"Bibi," Hisae alisema, "kipimajoto kinasema bado."

"Hicho kijiti chako kina miaka mingapi?"

"Kumi."

"Na Farasi?"

Takwimu za Farasi Hisae hakuwa nazo.

"Basi chimba, mwanangu."

Pembeni yake alisimama Mineko, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi.

"Dada Hisae, na shemeji yuko wapi? Leo nilidhani atashika jembe, si hana kazi tena?"

"Kaondoka na skii alfajiri. Hakuaga."

"Anakwenda kuzizika! Maskini. Haya, na kuku wenu wanaendeleaje?"

"Kuku gani?"

"Hao kuku wenu. Shemeji si kasomba magunia na magunia ya pumba pale kwangu, akasema kuku wanataka kulalia pakavu? Nikamwambia, shemeji, hao ni kuku au ni jeshi?"

"Mineko, sisi hatuna kuku."

Walitazamana. Hisae aliona akilini kile kisahani juu ya kabati, na ganda la mpunga ndani yake, na bakuli la supu lililobaki hewani. Akageuka kuangalia mlima. Ukungu ulikuwa unapanda. Ulifunua mwili wa Farasi, mweupe. Ukafunua shingo. Nayo ilikuwa nyeupe.

Majembe yalisimama moja baada ya jingine.

"Mbona mmenyamaza?" Bibi Tsuya aliuliza. "Mineko, mwanangu, nipe macho yako. Shingo ipo au haipo?"

"Ipo, bibi."

"Jana?"

"Jana haikuwepo."

Bibi alifikiri. "Nimeona farasi wakizaliwa, nimeona farasi wakifa. Farasi aliyekatwa shingo jioni, akaamka asubuhi kaiunga mwenyewe, huyo sijamwona."

Nyumba ya Hisae ilikuwa imepakana na shamba. Alikwenda akarudi na darubini ambayo Tatsuhei hutumia kuchunguzia theluji, akaiweka machoni, akazungusha gurudumu lake taratibu mpaka picha ikatulia. Shingo ilikuwa nyeupe upande wa kushoto tu. Upande wa kulia bado ilikuwa kahawia. Kwenye mpaka wa rangi hizo mbili alikuwepo mtu mwenye kofia nyekundu.

"Unaona nini?" Mineko alimvuta kiwiko.

"Naona mume wangu."

"Anafanya nini?"

"Anafagia."

Mineko akalitua jembe.

"Anafagia nini?"

"Farasi."

Hapo shamba zima liliangua kicheko. Mtu mmoja alikalia jembe lake. Mineko aliiomba darubini, akachungulia, akapiga yowe, akampa jirani. Ikazunguka mkono kwa mkono, na kila aliyechungulia aliongeza lake. Anafagia vizuri kuliko nyumbani. Mwangalieni, hata kwenye kona anapita. Bibi Tsuya, ambaye macho yake hayakufika huko, alitaka asimuliwe tena tangu mwanzo.

Darubini iliporudi kwa Hisae, Tatsuhei alikuwa ameufunga ufagio mgongoni na kuzivaa skii. Akaanza kuteremka. Hisae hakuiondoa machoni.

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona akiteleza kutoka juu mpaka chini. Aliujua mchezo huo kwa yale yaliyorudi nyumbani: michubuko, suruali zilizochanika, visa vilivyotiwa chumvi, na mwisho ile machela. Sasa ilimjia kwamba alikuwa kama mpima mbegu anayeletewa zilizooza peke yake, kisha anaulizwa hali ya shamba. Sampuli ya namna hiyo angeirudisha kwa mwenyewe bila hata kuifungua.

Alichokiona sasa kilikuwa kitu kingine. Mzee hakukimbia. Alipinda kwa mapana, uzito kaupeleka kwenye mguu mzima. Kabla ya pale shingo inapobana alisimama kabisa, akachungulia, akavuka ubavu-ubavu, nusu hatua kwa nusu hatua, mpaka mawe yakaisha. Kwenye mwili wa Farasi, palipo papana, ndipo tu alipojiachia kidogo, na hata hapo alisimama mara mbili kupumzisha goti. Hisae alikuwa amejiandaa kumwona mzee mjinga. Aliyemwona alikuwa mzee mwangalifu, mwangalifu kuliko anavyokuwa mezani na samaki mwenye miiba. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Tatsuhei alitokea kwenye ukingo wa shamba baadaye kidogo, skii begani, akiwa na mwendo wa mtu anayejipitia tu. Alipoona darubini akapunguza mwendo.

"Karibu, mfagizi," Mineko alisema. "Kuku hawajambo?"

"Shemeji, nisamehe."

"We kijana," Bibi Tsuya alimwita, na Tatsuhei, mwenye miaka sabini na miwili, akaenda kupiga magoti mbele ya kreti. "Umemfanya nini Farasi?"

"Nilitaka theluji ikae, bibi. Pumba zinazuia joto. Nikaifunika shingo yote, maana ndiyo nyembamba, ndiyo inayokwisha kwanza. Ilikaa vizuri sana. Chini ya pumba theluji ni ngumu kama jiwe, ungeiona..."

"Na rangi ya pumba ni ipi?"

"Kahawia."

"Na rangi ya udongo?"

"Kahawia." Aliinamisha kichwa. "Rangi sikuifikiria. Ukiwa huko juu unaona theluji imefunikwa salama, unafurahi. Hukumbuki kwamba kuna watu chini wanaangalia."

"Kwa hiyo uliokoa theluji ukamchinja Farasi."

"Ndivyo ilivyotokea, bibi."

Hisae alikuwa na swali lake. "Jana uliposikia kipaza sauti, kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungejua nimechezea ahadi."

"Ukaona bora uende kufagia mlima."

"Nilitegemea nitamaliza kabla ukungu haujaondoka. Mngeangalia, mngeona shingo ipo, mngedhani jana mliona vibaya, mngerudi nyumbani. Nisingeacha mbegu zenu zioze, mama Kenji. Hilo hapana."

"Watu wa kitongoji kizima wangedhani wameona vibaya?"

"Nilikuwa sijakamilisha mpango," Tatsuhei alikiri.

Bibi Tsuya alipitisha vidole kwenye bakuli la mbegu, akatoa hukumu. Soya zirudi ndani. Farasi aachiwe jua, amalize mambo yake mwenyewe. Na pumba zishuke zote mpaka ganda la mwisho, maana zikiachwa zitateremka na maji na kuziba mfereji wa mpunga.

"Zote, bibi? Ni mzigo mkubwa."

"Ulizipandishaje?"

"Mgongoni."

"Basi mgongo unao."

"Na skii je?" Mineko aliuliza, kwa sababu swali hilo lilikuwa kwenye macho ya kila mtu. "Tuseme jana shingo ilikatika au haikukatika? Maana shemeji aliapa."

Wote wakamgeukia Hisae. Tatsuhei peke yake hakumwangalia, aliziangalia skii.

"Haikukatika," Hisae alisema. "Ilifunikwa. Mbegu iliyofunikwa sijawahi kuiandika kuwa imekufa. Siku yake bado."

Uso wa Tatsuhei ulifunguka, kisha ukajikunja tena taratibu, kadiri hesabu ilivyomwingia. Theluji bila pumba, chini ya jua la Mei, haina maisha marefu. Na wa kuzifunua pumba hizo ni yeye mwenyewe, gunia kwa gunia.

Alizifunua. Kila asubuhi alipanda, akazoa pumba kwa koleo la mbao, akajaza gunia, akalifunga mgongoni, akateremka na skii mpaka theluji inapoishia, akamalizia kwa miguu. Wanawake waliokuwa kwenye vitalu vya mpunga walimfuatilia na kumtangaza kama mpira redioni. Hisae naye alisimama kwenye uzio na darubini. Aliyemwuliza alimjibu kwamba anakagua kama pumba zinaisha. Alimwona akianguka mara moja. Mzee alikaa pale kwenye theluji, akageuza kichwa huku na huku kuangalia kama kuna aliyemwona, akajipangusa, akainuka. Nyumbani Hisae alimwuliza siku ilikwendaje, akaambiwa ilikwenda vizuri.

Shingo ikawa kama mkono, ikawa kama mshipi, ikawa kama uzi. Asubuhi moja haikuwepo, na safari hii Bibi Tsuya alimtuma mtu na darubini kabla ya kuthibitisha. Kipimajoto kilisoma kumi na tatu. Kitongoji kikapanda soya. Tatsuhei alipewa mstari wake, akafukia mbegu kwa kina cha kidole, na Mineko akamfuata nyuma akizifukua mbili tatu kuhakikisha ni kidole kipi.

Jioni, bila kuambiwa, Tatsuhei alizitoa skii stoo. Alikuwa amezifuta maji, amezipaka nta, amezifunga kwa kitambaa kama mtu anayemvisha bi harusi. Akazilaza barazani mbele ya mkewe.

"Mpigie Sadamu," alisema.

"Kaa kwanza."

Alikaa. Vyura walikuwa wameanza mashambani.

"Siku zote hizi nimekuwa nikikutazama," Hisae alisema.

"Najua. Kioo cha darubini kinamulika mpaka kule juu."

"Kwa hiyo ulikuwa unajionyesha."

"Siku ile ya ufagio nilikuwa sijui. Hizi nyingine, kidogo."

"Nimeihesabu ile ya ufagio peke yake."

Tatsuhei alijaribu kusoma uso wake. Haukusomeka, ndivyo ulivyokuwa tangu zamani.

"Januari nilisimama barabarani sijui kama unaanguka, umeanguka, au umekufa," alisema Hisae. "Nilikutaka uache kwa sababu nilikuwa na matokeo mabaya tu mkononi. Sasa ninayo na mengine. Hayatoshi, lakini yapo. Skii haziendi kwa Sadamu."

"Na ahadi?"

"Ulinipa mimi. Naibadilisha mimi. Utateleza upande huu tu, unaoonekana kutoka hapa. Nyuma ya kilima, basi tena. Hilo ndilo unaloliacha kwa maisha yako yote. Mwisho wa kuteleza ni shingo kukatika, na ikatike yenyewe. Ukipeleka huko hata punje moja ya kitu chochote, zinakwenda mjini siku hiyo hiyo."

"Na theluji ya mapaani? Ile ya hekalu?"

"Hiyo teleza. Huko hata nikifumba macho nakusikia."

Alikuwa amekwisha kushinda, na mtu mwenye akili angeshukuru akanyamaza. Tatsuhei alikuna kidevu.

"Kukiwa na ukungu je?"

"Kukiwa na ukungu sikuoni."

"Ndiyo."

"Nisipokuona huteremki."

"Hisae, Aprili huku ukungu ni kila siku!"

"Basi teremka Machi."

"Machi unakuwa kwenye vitalu, huna muda wa kunitazama."

"Nitampa Bibi Tsuya darubini."

"Bibi Tsuya haoni!"

"Atasimuliwa na Mineko. Sauti ya Mineko utaisikia hata ukiwa kwenye masikio ya Farasi."

Tatsuhei aliwaza jambo hilo, akaliona lilivyo, akazibeba skii upesi kurudi nazo stoo kabla mkewe hajakumbuka sharti jingine. Alikuwa amefika kwenye kona ya nyumba aliposikia mkewe akimwita; sharti lilikuwa limekumbukwa.